Nafasi Tupu Nazo Zina Uzito

Majuzi mjukuu wangu Kabula, mwenye kibanda cha kuchapia watu barua pale Kambarage, aliniketisha mbele ya kompyuta yake akaniambia, "Babu, tazama." Akagusa kialama kidogo juu ya kioo, maandishi yote yakakimbilia kushoto. Akagusa cha pili, yakajikusanya katikati. Cha tatu, yakahamia kulia. Cha nne, yakanyooka pande zote mbili kama ukuta uliopigwa timazi. Nilikuwa hata sijamaliza kuvaa miwani. Nikamwambia arudie. Akarudia. Nikamwambia arudie tena, mpaka wateja wakaanza kuguna.

"Babu, mbona unashangaa hivyo? Ni kupanga tu."

Kupanga tu! Nilicheka, lakini nywele za mikono zilinisimama. Kitu hicho alichokifanya kwa ncha ya kidole kilikuwa kazi yetu ya kutwa nzima, na kiuno kikiuma juu yake. Ndiyo maana nawaandikia nyinyi vijana mnaovigusa vialama hivyo bila kufikiri. Siwalaumu. Nataka mjue tu mnagusa nini.

Mimi ni mtu wa Didia. Miaka ya hamsini, kabla ya uhuru, nilipata kazi ya kupanga herufi katika kiwanda kidogo cha chapa mjini Shinyanga, karibu na stesheni ya reli. Mwenye kiwanda alikuwa Bwana Karsan, Mhindi mwembamba mwenye sauti kubwa kuliko mwili wake. Fundi wangu alikuwa Sefu, mtu wa Tanga, Mwislamu mtulivu aliyevaa kofia nyeupe isiyopata doa hata la wino, jambo ambalo mpaka leo sijui aliliwezaje. Siku ya kwanza nilimwambia nimekuja kujifunza "helufi". Akanitazama. "Kwanza tuziweke sawa mdomoni," akasema, "halafu tutaziweka sawa kwenye mstari." Za mstarini nilizimudu mapema. Za mdomoni, mke wangu, Mungu amrehemu, alinicheka mpaka uzeeni.

Kila herufi ilikuwa kijiti cha madini ya risasi, sura yake imechongwa kichwani, tena imegeuzwa kinyume kama uso kwenye kioo. Herufi zilikaa kwenye kasha la mbao lenye vyumba vingi. Ulisimama mbele yake ukiwa na stiki mkononi, yaani kibati cha chuma chenye kingo tatu, ukaokota herufi moja moja na kuzipanga mpaka mstari ujae. Herufi *a* ilikuwa na chumba kikubwa kuliko vyote, maana Kiswahili bila *a* hakiendi popote.

Sasa sikilizeni, maana hapa ndipo penye kiini. Katika herufi za risasi hakukuwa na kitu tupu. Kila mahali peupe unapopaona kwenye karatasi, sisi tulipashika mkononi. Palikuwa kipande cha risasi kifupi kuliko herufi, kilichojificha chini ili wino usikifikie. Ukitaka mstari uanzie kushoto, vipande hivyo ulivijaza mwishoni. Ukitaka uende kulia, ulivitanguliza. Ukitaka ukae katikati, uligawa nusu huku na nusu huku. Na ukitaka kingo zote mbili zinyooke, ulivitawanya kati ya maneno, chembamba hapa, kinene kidogo pale, mpaka mstari utulie kwenye stiki bila kucheza wala kulazimishwa.

Mimi nilidhani hayo yote ni urembo. Fundi Sefu hakunibishia. Siku moja alinipangia mistari mitatu, wa katikati akauacha umelegea kidogo, upana wa ukucha tu. Akafunga ukurasa kwenye fremu ya chuma, akakaza.

"Inua," akaniambia.

Nikainua. Mstari wa juu na wa chini ilibaki. Wa katikati uliporomoka miguuni pangu kama mchele wa gunia lililotoboka, na Fundi Sefu akacheka mpaka akashika meza.

"Umeona, Nkwabi? Ulidhani kinachoshika ukurasa ni maneno. Kinachoshika ni hivi visivyosomeka. Vikipungua, hata neno zuri namna gani litaanguka."

Niliinama kuokota, na nakumbuka nilivishika vile vipande vitupu kiganjani nikavitazama kama mtu anayetazama mbegu za mti asioujua. Niliingiwa na namna ya hofu njema. Tangu siku hiyo sijasoma ukurasa wowote nikaona maneno peke yake.

Karatasi ya kwanza niliyoipanga mwenyewe ikanyooka pande zote mbili ilikuwa ya nyimbo za kanisani. Ilipotoka mashineni nilipitisha kidole kwenye ukingo wa kushoto, kisha wa kulia. Nyumbani kwetu Didia sikuwa nimewahi kuona kitu kilichonyooka namna ile. Mashamba yetu yalifuata mwinuko wa ardhi, nyumba zilikuwa za msonge, na ng'ombe walipita walikotaka. Hapa palikuwa na maneno ya urefu wa kila namna, marefu kwa mafupi, na yote yamekubali kuishia mahali pamoja bila hata moja kukatwa mkono. Nilimpelekea baba ile karatasi. Hakujua kusoma. Akaigeuza, akaigeuza tena, akauliza kwa Kisukuma ni nani aliyeyachunga maneno haya yakalala zizini vizuri hivi. Nikamwambia ni mimi. Aliichomeka kwenye paa juu ya kigoda chake, na huko ilikaa mpaka moshi ukaifanya ya kahawia.

Lakini nisije nikawajaza kiburi cha kingo zilizonyooka. Kunyoosha pande zote mbili kuna adabu yake. Kiswahili kina maneno marefu. Likikutana neno kama "watakapowakumbusha" na safu nyembamba, mstari unabaki na maneno mawili yanayotazamana kwa mbali kama mke na mume walionuniana. Ukiacha hivyo mstari baada ya mstari, weupe unateremka ukurasani kama korongo la mvua, na jicho la msomaji linatumbukia humo. Safu ikiwa nyembamba, acheni ukingo wa kulia uwe na meno meno. Hakuna aibu. Na mkilazimika kukata neno mwishoni mwa mstari, likateni baada ya irabu, Kiswahili chenyewe kimewawekea mahali pa kukatia. Lakini msiitenganishe *ng'* na irabu yake. Fundi Sefu alisema huko ni kumtenga ndama na ziwa la mama yake, na sisi Wasukuma tungemwelewa.

Tarakimu nazo zina upande wake. Zamani tulipewa kazi ya tangazo la uzito wa pamba la kubandika kwenye magulio, na aliyeliandika kwa mkono alikuwa amezianza tarakimu zote kushoto. Tisa ikakaa chini ya tisini, ukitazama haraka unaona zinalingana. Fundi Sefu alizisukuma zote kulia, mamoja chini ya mamoja, makumi chini ya makumi, na mkulima asiyejua kusoma akaweza kuona kwa urefu tu ipi kubwa. Mengine ya Fundi Sefu nimeyasahau. Hilo la tarakimu naliona kila ninaposhika risiti ya dukani.

Nawaeleza haya ili mfike nami kwenye siku ninayotaka kuwasimulia.

Ilikuwa kiangazi, asubuhi yenye upepo wa vumbi. Bwana Karsan alikuwa amekwenda sokoni. Mimi na Fundi tulikuwa tumetumia kutwa ya jana kupanga tangazo kubwa la wanunuzi wa pamba, la upana wa karatasi nzima, na lilikuwa limelala mezani limekazwa, likingoja mashine. Lori lao lingekuja kulichukua jioni. Mlango ukafunikwa na kivuli. Akaingia mwanamke aliyejifunga kaniki, miguu imejaa vumbi la safari, mkononi hana kitu.

"Mwangaluka, mayu," nikamwamkia kwa Kisukuma.

Aliitikia, lakini kwa lafudhi ya Wasumbwa. Alisema anaitwa Mama Shija, ametoka Masumbwe, amepanda lori la mizigo mpaka Kahama, kisha lingine mpaka hapa. Akauliza kama ni kweli hapa ndipo majina yanapotengenezwa.

"Majina gani, mama?" Fundi Sefu akamvutia kiti.

Hakukaa. Akatuambia kwa maneno machache, huku akitazama mashine na si sisi. Mume wake, Yakobo Bundala, alikwenda Geita kuchimba dhahabu. Mwamba uliporomoka wakiwa chini. Wenzake walichimba kumfuata mpaka mwamba ukaanza kuwatisha na wao, wakasimamishwa. Shimo likafungwa, naye yumo.

"Nyumbani hakuna kaburi," akasema. "Watoto wananiuliza baba yuko wapi, nami sina pa kunyoosha kidole. Kwa katekista kuna karatasi ukutani, ina maneno meusi yasiyofutika kwa mkono. Mkaa niliandikiwa, ukafutika. Nataka Yakobo awe namna ile ya katekista. Niwe na pa kumtazama."

Fundi Sefu akasema, "Mungu amrehemu," akaenda kwenye kasha la herufi kubwa, zile tulizozitumia kwa vichwa vya matangazo tu, akaanza kuokota. Alipolimaliza jina, Mama Shija aliomba kuligusa. Akapitisha vidole juu ya risasi, taratibu, kutoka mwisho kuja mwanzo. Hakujua kusoma, lakini alikuwa ameitazama sana karatasi ya katekista, akajua herufi haziko sawa.

"Mbona amegeuka? Amenipa mgongo?"

"Hapana, mama," Fundi akamjibu. "Anaingoja karatasi. Karatasi ikimgusa tu, atakugeukia."

Fundi akaliweka jina katikati, kama tulivyoweka jina lolote la heshima, akapaka wino kwa mkono, akalaza karatasi na kuikandamiza kwa roli, mche wa kuviringisha kwa mkono. Akaibandua. YAKOBO BUNDALA, jeusi, katikati ya weupe, weupe ukilingana kushoto na kulia. Ilikuwa kazi safi. Mimi nilijivuna kana kwamba nimeifanya mimi.

Mama Shija aliitazama kwa muda mrefu.

"Mbona yuko peke yake?"

Fundi akalisogeza jina mpaka kushoto kabisa, akatoa karatasi nyingine. Mama Shija akatikisa kichwa.

"Hapa yuko mlangoni. Hapa anaondoka." Akatafuta namna ya kusema mbele ya wanaume wasiomhusu. Mwishowe akasema akiwa ameinamisha macho. "Kitanda chetu kimegusa ukuta, upande wa mkono wa kulia. Yakobo hulala ukutani. Mimi hulala upande huu, maana ndimi ninayeamka kwanza kuwasha moto. Mwekeni ukutani. Huku pabaki."

Nilikuwa nimefanya kazi ile muda wa kutosha kudhani kulia, kushoto na katikati ni mambo ya fundi na mteja wake. Pale niliona jina la mtu likitafuta mahali pake pa kulala. Nilimtazama Fundi Sefu, nikaona amevua ile kofia yake nyeupe, ameishika kifuani.

"Basi tutalifanya mashineni, mama, ili liwe la kudumu," akasema. "Hili la roli ni la kujaribia tu."

Hapo ndipo pakawa na tatizo. Jina likienda ukutani, upande wote wa kushoto ulihitaji kujazwa vipande vitupu, vile vikubwa kabisa, visukume na kushika jina lisiteleze mashine ikibana. Na vipande vikubwa vyote tulivyokuwa navyo vilikuwa ndani ya tangazo la pamba, lile la kutwa nzima, la lori la jioni. Mbao za kujazia zilikuwa zimepinda kwa ukavu, hazikai.

Fundi Sefu alilitazama tangazo. Akanitazama mimi. "Fungua," akasema.

"Fundi, jioni..."

"Fungua, Nkwabi."

Nililegeza fremu. Nilichomoa kile kitupu cha kwanza, kisha cha pili, na mistari ya pamba ikaanza kuegemeana kama walevi. Nilikuwa nimefika katikati ya ukurasa sauti ya Bwana Karsan ilipoingia mlangoni kabla yake mwenyewe.

"Nini hii? Nani amekuambia vunja kazi ya pamba?"

"Mimi," akasema Fundi Sefu.

Bwana Karsan akaja mezani, akaona jina limepangwa ukingoni kabisa mwa fremu. Damu ikampanda usoni. "Na hii nini? Jina inaenda pembeni, karatasi yote tupu! Watu watasema Karsan hajui kazi. Rudisha katikati! Wote wawili mmeingia wazimu?"

Fundi akafungua mdomo, lakini Mama Shija alikuwa amekwisha kusogea. Alisimama mbele ya yule bwana, mwanamke mfupi mwenye vumbi miguuni, wala hakupandisha sauti.

"Baba," akamwambia, "hapo unapopaita patupu ni pangu."

Bwana Karsan hakuelewa. Alimtazama Fundi Sefu, na Fundi akamweleza kwa sauti ya chini: Geita, mwamba, shimo lililofungwa, kitanda na ukuta. Nilitegemea atapiga kelele tena. Sauti ile kubwa haikutoka. Aliinama juu ya fremu, akatazama kwanza jina, halafu uwazi ule uliokuwa unangoja vipande. Tuliujua mkasa wake sote, ila hakuna aliyewahi kuutaja mbele yake: mkewe alifariki mwaka niliofika mimi, na duka lake lililokuwa mbele ya kiwanda tangu hapo lilikuwa na kiti kimoja ambacho hakumruhusu mtu kukikalia.

Alinyoosha mkono, akaokota kitupu kimoja kutoka kwenye tangazo lililobomoka, akakifuta kwa ukingo wa shati lake. Akakiweka upande wa kushoto wa jina, akakisukuma kwa kidole gumba mpaka kikashika.

"Ingine," akaniambia.

Nikampa. Akaweka. Nikampa kingine. Tukaujaza upande wa Mama Shija hivyo, kipande kwa kipande, Mhindi na Mtanga na Msukuma, na yule mama akifuata kwa macho kila kimoja kilivyoingia mahali pake. Fundi Sefu akakaza fremu. Akainua kujaribu. Hakuna kilichotikisika.

Karatasi ya kawaida Bwana Karsan aliikataa. Alikwenda stoo akatoa ile nene ya kadi za harusi, akaikagua kwenye mwanga, akaiweka mashineni. Mashine yetu ilikuwa ya kukanyaga kwa mguu, na mwenye kiwanda hakuwa ameikanyaga tangu tuijue. Siku hiyo alivua kiatu, akapanda yeye. Chuma kikafumbata, kikaachia.

Jina lilikuwa kulia, limegusana na ukingo, limenyooka. Upande wa kushoto ulikuwa mweupe kabisa. Mama Shija aliupokea ukurasa ule, akaulaza mezani, akaweka kiganja chake kwenye weupe, kando ya jina, akakiacha pale. Tulisubiri. Nje garimoshi lilipiga honi likaondoka, na bado alikuwa amekaa hivyo.

"Kuna nini hapa chini ya mkono wangu?" akauliza.

"Kuna risasi, mama," Fundi Sefu akamwambia. "Nzito kuliko ya jina lenyewe. Ila haionekani."

Akaitikia kwa kichwa polepole, kama mtu aliyeambiwa jambo alilolijua.

Tangazo la pamba tulilipanga upya, na lori lilitungoja mpaka dereva akalala kwenye usukani. Hilo halina hadithi. Nitawaambia tu jinsi Mama Shija alivyoondoka. Wino ulipokauka, Fundi Sefu alichukua kipande cha uzi ili aiviringe karatasi, isiharibike njiani, maana malori ya Kahama mnayajua. Mama Shija akaizuia mikono yake.

"Hapana, baba. Mtu hakunjwi."

Akailaza juu ya viganja vyote viwili, akaishika mbele yake ikiwa bapa, akatoka nayo kwenye jua. Tulisimama mlangoni sote watatu, Bwana Karsan bado na mguu mmoja peku. Barabara ilikuwa imejaa watu wa mnada, wapagazi na baiskeli, wala hakuna aliyejua amebeba nini. Lakini tuliona kwa macho yetu wakimpisha, mmoja huku, mmoja kule, mpaka akafika kwenye malori.